Mkono Uliojua Kujizuia

Ukihesabu vikombe, Arthur Ashe hatakuwa wa kwanza wala wa kumi. Katika mashindano makubwa manne ya tenisi duniani, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja mara 3 tu: Marekani mwaka 1968, Australia mwaka 1970 na Wimbledon mwaka 1975. Jimmy Connors, ambaye habari zake zinakuja hapa chini, aliutwaa mara 8. Roger Federer alifikisha 20, Rafael Nadal 22, na Novak Djokovic akawapita wote kwa 24. Anayetafuta rekodi ana haki ya kumpita Ashe bila hata kugeuka.

Lakini tenisi ni kazi ya mikono kabla haijawa orodha ya washindi, na kazi ya mikono hupimwa pia kwa namna fundi anavyofikiri akiwa ameshika chombo. Kwa kipimo hicho, mechi moja ya Ashe, fainali ya Wimbledon ya tarehe 5 Julai 1975, inatosha kumweka mbele ya wengi waliomzidi vikombe. Siku ile alitenda jambo ambalo mafundi wengi hulisifu kwa maneno na wachache huthubutu kulifanya: aliweka kando kile alichokimudu kuliko vyote, akafanya kazi kwa kile ambacho siku yenyewe ilikidai. Namsifu kwa hilo, na nataka kujua alijifunzia wapi.

Ashe alizaliwa Richmond, Virginia, tarehe 10 Julai 1943, katika jimbo ambalo sheria iliwatenga weusi na weupe shuleni, ndani ya mabasi na kwenye viwanja vya michezo. Baba yake, naye akiitwa Arthur, alikuwa mtunzaji wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, na nyumba ya familia ilikuwa humo humo bustanini. Mtoto akitoka nje alikuta viwanja vya tenisi hatua chache kutoka mlangoni. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, Arthur akiwa na umri wa miaka 6, akawaacha yeye na mdogo wake mikononi mwa baba ambaye nidhamu kwake haikuwa jambo la kujadiliwa.

Aliyemshikisha raketi kwa mara ya kwanza kwa utaratibu alikuwa Ron Charity, kijana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora weusi wa mji ule. Charity alikuja kufanya mazoezi pale bustanini, akamwona kitoto chembamba kimesimama pembeni kinatazama, akakiita. Alimwonyesha namna ya kushika mpini, kusimama na kuupeleka mkono. Baada ya miaka michache aliona mwanafunzi amefika mahali panapohitaji mwalimu mkubwa zaidi, akampeleka Lynchburg kwa Dk. Robert Walter Johnson.

Huyu Dk. Johnson anastahili insha yake peke yake. Alikuwa tabibu mweusi aliyejenga uwanja wa tenisi nyumbani kwake, na kila kiangazi akawaweka kambini watoto weusi wenye kipaji, akiwalisha na kuwasafirisha kwenda mashindanoni. Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon, mwaka 1957 na tena 1958, alipitia mikononi mwake. Ashe alianza kwenda kwake mwaka 1953, akaendelea kila kiangazi hadi mwisho wa muongo ule. Watoto walipiga mipira kwa mpini wa ufagio ili jicho lizoee kuufuata mpira hadi mwisho, wakafanya na kazi za nyumbani, na mezani wakafundishwa adabu za kula, kwa sababu daktari alijua kwamba huko waendako watatazamwa hata wanavyoshika uma.

Juu ya hayo yote palikuwa na kanuni moja iliyomjenga Ashe kuliko zoezi lolote. Katika mashindano ya watoto hakuna mwamuzi kila uwanja. Mchezaji mwenyewe ndiye hutamka kama mpira uliotua upande wake umeangukia ndani au nje. Dk. Johnson aliwaagiza vijana wake hivi: mpira wa mpinzani ukitoka nje ya mstari kwa inchi mbili, sema uko ndani, uurudishe, uendelee kucheza. Usibishane na mwamuzi. Usitupe raketi. Mnapobadilishana upande, okota mipira umkabidhi mwenzako mkononi.

Sababu yake haikuwa upole. Waandaaji wengi wa mashindano ya Kusini mwa Marekani walikuwa wakitafuta kisingizio cha kuwafukuza watoto weusi, na daktari aliazimia kutowapa hata kimoja. Ni dhuluma tupu kumlazimisha mtoto wa miaka 10 kumpunguzia mpinzani uwanja ili tu aruhusiwe kucheza. Lakini tazama kanuni hiyo ilivyoufinyanga mchezo wenyewe. Mtoto anayekubali mipira iliyotoka nje analazimika kukimbilia kila mpira. Hana mpira wa kuuacha upite. Hawezi kuitegemea mistari imwokoe. Juu ya yote hujifunza kwamba kuna pointi unazoweza kumwachia mwenzako ukabaki na mechi. Somo hilo la mwisho lilikaa ndani ya Ashe zaidi ya miaka 20 kabla halijatoa matunda yake makubwa.

Mwaka 1960 alihamishiwa St. Louis kumalizia sekondari, maana Richmond mchezaji mweusi hakuweza kupata mazoezi ya ndani wakati wa baridi wala kukutana na wapinzani weupe wa kiwango chake. Kule alicheza juu ya sakafu ya mbao, ambako mpira huteleza ukakufikia kabla hujajipanga. Mchezaji wa sakafu kama ile hana nafasi ya kuvuta mkono nyuma kwa raha zake. Anaupiga mpira mapema, anakimbilia wavuni, anamaliza. Kijana aliyelelewa kwenye subira akageuka mpigaji. Sevu yake, ule mpira wa kuanzisha pointi, ikawa kali, na mkono wake wa nyuma ukapata mapigo ya kila aina: la kukata, la bapa, la kuzungusha kwa juu. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilimpa ufadhili wa masomo, na mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1963 alikuwa tayari ameingia timu ya taifa ya Kombe la Davis, mtu mweusi wa kwanza kuvaa jezi hiyo.

Umbo la mchezo wake wa wakati ule linaonekana vizuri katika fainali ya Marekani ya mwaka 1968 pale Forest Hills, New York. Yalikuwa mashindano ya kwanza ya Marekani kuwakutanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Ashe, luteni wa jeshi mwenye umri wa miaka 25, alimshinda Tom Okker wa Uholanzi kwa seti tano: 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3. Sevu zake 26 zilipita bila kuguswa. Kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, bingwa huyo hakuruhusiwa kupokea zawadi. Dola 14,000 zilikwenda kwa Okker aliyeshindwa, na Ashe akapata posho yake ya dola 20 kwa siku. Alishinda kwa kupiga kwa nguvu, kupiga mapema na kuhatarisha. Ndiye Ashe ambaye dunia ilimjua. Siku mkono ukikubali, hakuna wa kumzuia. Ukikataa, anatoka mapema na watu wanashangaa.

Sasa tuje Wimbledon, miaka 7 baadaye. Ashe amebakiza siku chache kutimiza miaka 32, umri ambao kwa wakati ule wachezaji wengi walikuwa wameanza kufikiria kazi nyingine. Mpinzani wake katika fainali ni Jimmy Connors, miaka 22, bingwa mtetezi, aliyetwaa mwaka uliotangulia mashindano matatu kati ya yale manne makubwa. Connors alifika fainali bila kupoteza hata seti moja. Walikuwa wamekutana mara 3 kabla ya hapo, zikiwemo fainali mbili za Afrika Kusini, mwaka 1973 na 1974, na mara zote Connors alishinda. Zaidi ya hayo, Connors alikuwa amemfungulia Ashe mashtaka akidai mamilioni ya dola, kutokana na maneno ambayo Ashe aliandika akimlaumu kwa kutoichezea nchi yake Kombe la Davis. Kwa wacheza kamari wa London hapakuwa na cha kujadili. Baadhi ya marafiki wa Ashe walichoombea ni asiaibike tu.

Connors alikuwa mchezaji wa namna gani? Alitumia mkono wa kushoto, na kwa mkono wa nyuma alishika raketi kwa mikono miwili. Raketi yake ya chuma iliurusha mpira kama manati. Hakusubiri mpira ushuke. Aliukuta ukipanda, akaegemeza uzito wa mwili wote, akaurudisha bapa, chini kabisa juu ya wavu. Katika nusu fainali alikutana na Roscoe Tanner, mwenye mojawapo ya sevu kali kuliko zote za zama zile, akamponda kwa seti tatu mfululizo. Kadiri Tanner alivyozidisha nguvu, ndivyo mipira ilivyomrudia kwa kasi zaidi. Waliotazama vizuri waliona kwamba Connors hakutengeneza kasi ile mwenyewe. Aliikopa kwa mpinzani, akailipa na riba.

Ashe alitazama vizuri. Kabla ya fainali alikaa na rafiki zake, wakiwemo wakala wake Donald Dell na mchezaji mwenzake wa siku nyingi Charlie Pasarell, wakaichambua mechi ile kipande kwa kipande. Walichoamua kinaelezeka kwa sentensi moja: Connors asipewe kasi. Kukitenda ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu kasi ilikuwa mchezo wa Ashe mwenyewe. Mtu aliyefika kileleni kwa kupiga aliambiwa, na akajiambia, asipige.

Hebu tusogee karibu tuione kazi yenyewe. Ashe anaanzisha mpira kutoka upande wa kulia. Badala ya sevu yake kali ya bapa, anaukata mpira ubavuni. Unakwenda kwa kasi ya wastani, unapinda hewani, unatua karibu na mstari wa pembeni kisha unazidi kukimbilia nje. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpira ule ungeangukia upande wake wa mbele. Kwa Connors wa mkono wa kushoto unaangukia upande wa nyuma, upande anaoshika kwa mikono miwili, na mikono miwili haifiki mbali kama mmoja. Anavutwa nje ya uwanja, ananyoosha mwili, anaurudisha mpira ukiwa dhaifu. Ashe yuko wavuni tayari, na uwanja mzima uko wazi mbele yake.

Pointi ikirefuka, mtego unabadilika. Ashe anakata mpira kwa mkono wa nyuma, taratibu, uangukie katikati au upande wa mbele wa Connors. Nyasi za Wimbledon za enzi zile zilikuwa laini, na mpira wa kukata ukigusa chini haukuinuka. Uliteleza ukafika usawa wa kifundo cha mguu. Connors aliupenda mpira unaofika kiunoni na wenye uzito. Sasa analetewa mpira mwepesi ulioko miguuni. Lazima ainame, auinue upite wavu, na nguvu yote aitoe mwenyewe, kwa pigo la bapa lisilo na mzunguko wa kuurudisha mpira chini baada ya kuvuka. Akipiga kwa nguvu unatoka nje, akipunguza unanasa wavuni. Na akiamua kukimbilia mbele ili aondokane na adha hiyo, Ashe anamnyanyulia mpira juu ya kichwa, upande wa kushika kwa mikono miwili, anabaki kutazama angani.

Anayejua bao atautambua mchezo huu. Kuna wakati mchezaji mzoefu anaiacha nyumba yenye kete nyingi anazoweza kuzila sasa hivi, anacheza kidogo kidogo pembeni, hadi mwenzake anajikuta ana kete tele na hana pa kwenda. Anayetazama bila kuelewa humwona mwoga.

Seti ya kwanza iliisha 6-1. Ya pili, 6-1. Watu waliolipa kuona bingwa mtetezi akimchinja mkongwe walikuwa wakitazamana. Mtazamaji mmoja alimpigia Connors kelele ajitahidi, na Connors akamjibu kwa sauti, kwa hasira, kwamba anajitahidi. Jibu lile lilikuwa la kweli kabisa. Alikuwa akijitahidi mno, na kujitahidi ndiko kulikommaliza, kwa sababu kila alipoongeza nguvu makosa yaliongezeka.

Walipokuwa wakipumzika kati ya gemu, Ashe aliketi kitini akafumba macho, mikono imetulia mapajani. Waandishi wa habari waliliongelea sana jambo hili, wengine wakidhani ni maonyesho. Mimi naliona kuwa sehemu ya kazi. Adui mkubwa wa mpango kama ule alikuwa Ashe mwenyewe, yule wa Forest Hills, aliyezoea kuachia mkono. Mwili una mazoea yake, na mazoea hudai haki yao hasa mtu anapoanza kuona ushindi. Ile dakika ya macho yaliyofumbwa ilikuwa ya kuyakemea mazoea.

Na kweli yalikuja kudai. Connors, ambaye hakuwahi katika maisha yake kukubali kushindwa kabla ya mpira wa mwisho, alitwaa seti ya tatu 7-5. Katika seti ya nne akaongoza kwa gemu 3-0. Mtu mwingine yeyote angesema mpango umekwisha kazi, sasa turudi kwenye nguvu zetu za kawaida. Na angepata wa kumtetea, maana ndivyo hekima ya viwanjani ilivyo: ukibanwa, rudi kwenye unachokijua. Ashe hakurudi. Aliendelea kukata, kuweka chini, kunyanyua juu na kupinda sevu, na palipohitajika pigo kali akalitoa mara moja kisha akalirudisha alani. Gemu zikaanza kugeuka moja baada ya nyingine hadi seti ikaisha 6-4. Pointi ya mwisho ilikuwa sevu ile ile ya kupinda kwenda nje, mpira dhaifu ukarudi, naye akaumalizia karibu na wavu. Akageuka upande waliokaa rafiki zake, akainua ngumi kwa muda mfupi, kisha akaenda kumpa Connors mkono. Alikuwa mwanaume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon katika mchezo wa mmoja mmoja. Muda si mrefu mashtaka yale ya mamilioni yaliachwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo inamfaa Ashe hata nje ya uwanja, ingawa huko kimya chake kilimletea lawama. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilimnyima viza zaidi ya mara moja, na kunyimwa kwake kulichangia nchi ile kufukuzwa katika Kombe la Davis mwaka 1970. Mwaka 1973 iliporidhia, alikubali kwenda, kwa masharti: watazamaji weusi na weupe wasitengwe, na yeye asipewe ile hadhi ya kitapeli ya kuwa mzungu wa heshima. Alifika fainali akafungwa na Connors, lakini akishirikiana na Okker, yule yule wa Forest Hills, alitwaa ubingwa wa wawili wawili. Weusi wengi, Afrika Kusini na Marekani, walimwambia kwamba kwenda kwake kunawapamba watesi. Wengine waliona fahari kumtazama mtu mweusi huru akiwashinda weupe mbele ya macho yao.

Naona waliomlaumu walikuwa na hoja, na Ashe mwenyewe aliipa hoja yao uzito. Kadiri miaka ilivyokwenda aliacha kuamini kwamba ziara na mazungumzo vingetosha. Mwaka 1983 alishirikiana na mwimbaji Harry Belafonte kuanzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, uliowataka wenzao wasikanyage kule. Mwaka 1985 alikamatwa na polisi akiandamana nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Alisoma hali ilivyo, akaona pigo la mwanzo halifikishi mpira, akalibadilisha. Ndivyo alivyofanya na sevu yake mwaka 1975.

Ustadi wa aina hii huonekana pia katika jicho la fundi kwa kazi ya mwingine. Mwaka 1971, akiwa ziarani Afrika, Ashe alifika Yaoundé, Kameruni, akacheza na mtoto wa miaka 11 hivi aitwaye Yannick Noah. Wapo watu mashuhuri ambao wangempiga picha mtoto, wakampa kofia, wakaondoka. Ashe aliporudi alimpigia simu Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi ya Ufaransa, akamwambia kuna mtoto anayepaswa kufundishwa. Noah akachukuliwa, akalelewa kwenye shule ya tenisi ya Nice. Mwaka 1978 wawili hao walicheza pamoja Wimbledon, upande mmoja wa wavu. Mwaka 1983 Noah alimshinda Mats Wilander katika fainali ya mashindano ya Ufaransa, Roland Garros, na hadi leo hakuna Mfaransa mwingine wa kiume aliyetwaa ubingwa ule tangu siku hiyo. Ron Charity alimwona mtoto pembeni mwa uwanja akampeleka mahali pa kufaa. Mtoto huyo alipokua, alifanya vivyo hivyo kwa mtoto mwingine.

Mshtuko wa moyo mwaka 1979 ulimtoa uwanjani akiwa na miaka 36, na baada ya upasuaji alistaafu mwaka uliofuata. Alipewa unahodha wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, usiochezwa kwa raketi bali kwa kukaa pembeni na kushauri, na nyota wa timu yake akawa John McEnroe, mchezaji mwenye kipaji cha ajabu na ulimi usiojua breki. Kati ya mwanafunzi wa Dk. Johnson na kijana anayewatukana waamuzi palikuwa na umbali mkubwa, na uhusiano wao haukuwa rahisi. Hata hivyo timu ilitwaa kombe mwaka 1981 na 1982. Ashe alikemea ilipobidi, lakini hakujaribu kumgeuza McEnroe awe Ashe. Alijua kwamba hasira ile ilikuwa sehemu ya mkono ule.

Katika upasuaji wa pili wa moyo, mwaka 1983, aliongezewa damu yenye virusi vya UKIMWI. Aligundua mwaka 1988. Aliificha habari hiyo kwa ajili ya familia yake hadi Aprili 1992, gazeti lilipoanza kuifuatilia, akaona ni heri aitangaze mwenyewe. Miezi aliyobakiwa nayo aliitumia kuanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa ule, kuandika, na hata kukamatwa tena, Septemba mwaka huo, akiandamana nje ya Ikulu ya Marekani kuwatetea wakimbizi wa Haiti. Alifariki tarehe 6 Februari 1993 akiwa na umri wa miaka 49. Uwanja mkuu wa mashindano ya Marekani huko New York, uliofunguliwa mwaka 1997, unaitwa kwa jina lake.

Wanaomkumbuka Ashe hupenda kumsifu kwa utulivu, na sifa hiyo isipoangaliwa inampunja. Utulivu ule aliupata kwanza kwa kulazimishwa. Mtoto mweusi wa Richmond hakuwa na ruhusa ya kukasirika, na wapo maelfu waliofundishwa kunyamaza vile vile wakaishia kunyamaza tu. Tukiwaambia vijana wawe watulivu kama Ashe bila kuwaambia utulivu ulikuwa wa kufanyia nini, tunawafundisha unyonge na kuupa jina zuri. Katika fainali ya 1975 kila mpira wa taratibu ulikuwa na mahali pake pa kuangukia, na mahali pale palichaguliwa ili kuumiza. Hapakuwa na upole wowote katika sevu ile ya kupinda. Tarehe 5 Julai hapakuwa na mtu mkali zaidi yake pale uwanjani, na alikuwa mkali kwa mpira unaokwenda polepole.

Kwa hiyo mwalimu wa tenisi, wa ufundi seremala au wa uandishi anaweza kuchukua kitu hapa. Amfundishe mwanafunzi pigo lake kubwa hadi aweze kulitoa usingizini, maana bila hilo hana la kuzuia. Mtu asiye na sevu kali hawezi kusifiwa kwa kutoitumia. Akishafika hapo, amtie kwenye mazoezi ambamo pigo hilo limepigwa marufuku, acheze seti nzima bila hilo, akosee, akasirike, arudi tena. Wengi watalalamika kwamba wanazuiwa kuwa wao wenyewe. Wachache watagundua kwamba wana mikono zaidi ya mmoja, na hao ndio ambao siku ya fainali, mbele ya mtu anayewazidi nguvu na aliyekwisha kuwafunga mara 3, watakuwa na la kuchagua.